Kigari cha Stima kwa Wazee wa Njiru

Jumatatu, 4 Machi 1996

Mungu ni mwema! Leo nimepewa gari. Mimi Mbaluka, karani wa stoo, niliyeingia Nairobi na sanduku la mbao! Meneja ametangaza kwamba kiwanda kinaleta mashine mpya, na kile kigari cha stima cha kubebea marobota ya nguo kitupwe. Nikainua mkono kabla hajamaliza kusema. Kina magurudumu matatu, kiti kimoja, ubao mpana nyuma na betri nne nzito kama mawe ya kusagia. Wenzangu wakacheka. Wacheke tu.

Tulikisukuma hadi kwetu Kayole, wanaume wanne. Kwamba tunaishi chumba kimoja, na Nzisa mke wangu atajifungua mwezi ujao, nilikumbuka tukiwa tumeshafika langoni. Nzisa akakitazama kigari, akalitazama tumbo lake, akauliza mtoto atalala wapi. Nikamwambia ashukuru kwanza.

Jumanne, 5 Machi

Kigari kimeziba njia ya bomba la maji. Majirani wanaanikia nguo juu yake. Sijali, kwa sababu nimepata wazo, na ni wazo la ajabu!

Ondiek, jirani yangu wa mlango wa pili, karani wa baraza la jiji, alisimama kanisani Jumapili akasema atawapa kitu kikubwa wazee wa makao ya Njiru, wale wanaosaidiwa na kanisa letu. Alisema akina mama wa miaka themanini wanateka maji mtoni na kuyabeba mgongoni. Watu wakampigia makofi. Ondiek kila mara ni makofi! Kwaya, Ondiek. Kamati ya mazishi, Ondiek.

Basi nitawapa wazee gari. Gari zima! Hebu tuone atatoa nini cha kulishinda.

Jumatano, 6 Machi

Siku mbaya, lakini nashukuru, ingeweza kuwa mbaya zaidi.

Stima ya ploti yetu, vyumba vyote vya kupanga, ni moja, na analipa mwenye ploti, Mama Waithera. Ni ya balbu na redio. Pasi ni marufuku. Koili ya kuchemshia maji ni marufuku. Nikapiga hesabu zangu: kigari hakijawahi kutajwa. Mama Waithera alipokwenda sokoni Gikomba, nikapitisha waya dirishani nikachomeka. Dakika kumi nilikuwa mtu mwenye furaha. Kisha, puu! Ploti nzima ikazimika.

Mchana kweupe, nani angejua? Lakini Mama Waithera ana vifaranga mia kwenye stoo ya nyuma, chini ya balbu ya kuwapasha joto. Aliporudi aliwakuta wamerundikana wakilia kwa baridi. Naye akalia, halafu akanigeukia. Akasema Jumapili saa sita kigari kiwe kimetoka, la sivyo nitoke nacho pamoja na kila kilicho changu. Nikamtajia hali ya Nzisa. Akasema yeye amezaa sita, na baba yao alikuwa na akili.

Nzisa aliwafunika vifaranga kwa blanketi letu, wakashinda kitandani kwetu. Hakufa hata mmoja. Asante Mungu, na asante Nzisa! Fyuzi ilitengenezwa na Ondiek. Akapigiwa makofi. Nilimshukuru, na iliniuma kama jino.

Alhamisi, 7 Machi

Nimezirudisha betri kiwandani na meneja amekubali zichajiwe palepale zilipozoea kuchajiwa. Nzisa aliuliza kwa nini sikufanya hivyo tangu mwanzo. Huyu mwanamke na maswali yake!

Jioni nimemkuta anafunga vyombo kwenye magunia. Hakunilaumu. Nimejisikia vibaya sana.

Jumapili, 10 Machi

Siku kubwa!

Niliondoka saa tatu na nusu, betri zimerudi zimejaa, suti, tai, viatu vinang'aa. Mama Waithera alisimama langoni akasema kigari kikirudi hapa, kwangu hakuna chumba. Nikampungia mkono kama waziri. Hadi Kangundo Road kigari kilikwenda vizuri, polepole, bibi mmoja mwenye kuni akanipita. Kwenye kilima kabla ya Njiru kikapumua, kikasimama. Betri kwisha! Mbele siwezi, nyuma nimekatazwa. Nikaketi pale na suti yangu nikimwaza Nzisa na magunia yake. Karibu nilie.

Nani akatokea? Ondiek! Anavuta punda. Ile zawadi yake kubwa ilikuwa punda, wa kuwabebea wazee maji. Mkokoteni alikuwa hajapata bado. Hakunicheka hata kidogo. Akavua mshipi wake, akaongeza kamba, akamfunga punda kwenye kigari changu, akaniambia twende, ndugu yangu, wazee wanangoja.

Tulipofika nikamuuliza Sista Kezia, msimamizi wa makao, plagi iko wapi. Akacheka mpaka akashika ukuta. Stima haijawahi kufika kwao, wanatumia taa za mafuta! Sikuwa nimeuliza. Nani huuliza kitu kama hicho?

Wakatoa betri, wakapanga madumu ishirini kwenye ubao, punda akashuka mtoni na kurudi bila shida. Sista akatangaza mbele ya watu wote: tunamshukuru Bwana Ondiek kwa punda na mkokoteni wake, na Bwana Mbaluka kwa kumsindikiza. Kumsindikiza! Nilifungua mdomo kumsahihisha.

Ndipo bibi mmoja, Nzembi, akanishika mkono. Alama ya kamba ya mtungi bado iko kwenye paji la uso wake. Alisema kwa Kikamba kwamba ameniona nimeketi juu ya kile kitu, kwa hiyo anajua ni changu, na tangu leo mgongo wake umepumzika. Akanitemea mate kidogo kifuani kunibariki, kama wazee wa kwetu wafanyavyo. Nililia, suti na yote. Ondiek akanipa leso. Kusema kweli ni mtu mzuri. Nzisa amefungua magunia. Asante Mungu, asante, asante!

Alhamisi, 14 Machi

Mungu ni mwema kupita kiasi! Kiwandani wanatupa friza la jikoni, refu kama jeneza, na bado linagandisha. Nimeinua mkono. Ondiek hawezi kusema hili ni lake.

Nimeshamwandikia Sista Kezia barua nzuri sana. Nimemweleza kwamba wale wazee, kwa kuwa maji sasa wanayo ya kutosha, wanastahili kuyanywa yakiwa baridi. Nzisa ameisoma mara mbili, akaniuliza Njiru watalichomeka wapi. Nimemwambia mtu mwenye shukrani hatafuti kasoro. Barua inakwenda posta kesho asubuhi.