Mkurugenzi Amefungwa Mkanda

Ninayo heshima kuwatangazia wananchi wote, wenye magari na wanaopanda ya wenzao, kwamba Idara ya Ukaaji Salama imelimaliza suala la mkanda wa mashindano. Limemalizwa kwa amani, na hakuna aliyepondwa. Naandika haya kama mjumbe halali wa Kamati, mwenye kiti changu na kikombe changu.

Kwa asiyejua, mkanda wa mashindano ni ule wanaofungwa madereva wa magari ya mbio. Mkanda wa kawaida unapita begani na kiunoni, basi. Huu una mapande mawili ya mabegani, mawili ya kiunoni na mawili ya kupita katikati ya mapaja, na yote yanakutana tumboni kwenye kifungo kimoja cha duara, kama kitovu cha chuma. Ukishakazwa, unakaa kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Binti yangu mkubwa ni dereva wa teksi. Gari lake alilinunua kwa mtu aliyekuwa akishindana nalo, na kiti cha abiria wa mbele kilikuja na mkanda huo. Alikuwa amepanga kuubadilisha. Kabla hajafanya hivyo, trafiki alimsimamisha, akauona, akamuuliza kama ni halali. Binti yangu akasema hajui. Trafiki naye akasema hajui. Kwa kuwa wote wawili hawakujua, gari likakamatwa.

Likapelekwa kwenye yadi ya Idara mpaka itakapojulikana. Kanuni ya yadi ni kwamba gari likikaa miezi mitatu bila uamuzi, linapondwa. Nilielezwa kwa upole kwamba hiyo si adhabu. Ni kutafuta nafasi.

Binti yangu akaanza kufua nguo za watu ili watoto wale, nami nikawa nakuja kila asubuhi kukaa kwenye benchi la ukumbini nimsubiri Mkurugenzi. Tulikuwa wengi. Kulikuwa na mwalimu mstaafu aliyekuwa akifuatilia leseni ya gari la shule, na nyuma yake mafundi, wajane na madereva, kila mtu na bahasha yake. Mkurugenzi alikuwa ametoka. Ni mtu wa kazi nyingi sana. Mara nyingine tulimsikia akikohoa mle ndani, na bado alikuwa ametoka.

Siku moja Katibu wa Kamati iliyoundwa kuuchunguza mkanda huo akaja mbio na karatasi mkononi. Waraka ulitaka Kamati iwe na mwanamke mmoja, mzee mmoja na mwananchi wa kawaida mmoja, na chumba cha mikutano kilikuwa kimebakiwa na kiti kimoja tu. Akalikagua benchi zima, macho yakatua kwangu.

"Shikamoo, bibi. Una shughuli?"

"Marahaba, mwanangu. Nasubiri tu."

"Njoo usubirie ndani."

Nilimwambia mapema kwamba gari linalojadiliwa ni la mwanangu mwenyewe. Nilidhani ataniondoa. Badala yake alifurahi, akasema basi mimi ni mdau, na Kamati ilikuwa imekosa mdau. Akachomoa mto wa kiti chake akanipa. Yeye alikaa kwenye mbao tupu muda wote wa Kamati, na sikuwahi kumsikia akilalamika.

Kikao cha kwanza alikifungua Mkurugenzi mwenyewe. Akatuuliza mambo mawili: je, mkanda huu ni halali kwenye gari la barabarani, na je, ni salama? Mhandisi wa Idara, mtu mpole mwenye sauti ya kuomba radhi, akajibu papo hapo. Si halali, alisema, kwa sababu umewekwa mahali pa mkanda uliokuja na gari toka kiwandani. Wala si salama, kwa sababu gari la mbio lina kizimba cha mabomba ndani, kiti maalumu na kifaa cha kushikilia kofia na shingo. Ukiuweka mkanda peke yake kwenye gari la kawaida, siku likipinduka paa linashuka, na wewe umebanwa wima huwezi hata kuinama. Akapendekeza mwenye gari arudishiwe gari lake, abadilishe mkanda, aendelee na kazi.

Wajumbe wakatazama mlango. Chai ilikuwa haijafika.

Mkurugenzi alimshukuru sana, kisha akafafanua kwamba jibu linalokuja kabla ya chai haliwezi kuwa jibu la Kamati. Ni maoni binafsi. Kamati imepewa miezi mitatu, na kuimaliza asubuhi moja ni kuwadharau walioitoa. Mhandisi akaomba radhi. Akapelekwa kwenye mafunzo ya subira mji mwingine, nami nikamfungia karanga za njiani, maana alionekana mtu wa kusahau kula.

Tukagawanyika katika Kamati Ndogo ya Uhalali na Kamati Ndogo ya Usalama. Wajumbe walikuwa walewale, ila tulibadilishana viti ili pasiwe na upendeleo. Uhalali ikaandika kwamba mkanda ni halali endapo utathibitika kuwa salama. Usalama ikajibu kwamba mkanda ni salama endapo utathibitika kuwa halali. Barua zilitoka mkono wangu wa kulia kwenda wa kushoto, na katikati Katibu alizigonga muhuri. Tulifanya kazi kwa bidii. Kuna siku tuliandikiana mpaka tukakosana, ikabidi tupatanishwe na sisi wenyewe.

Jioni nilipita yadini. Mlinzi wa yadi, mzee mwembamba aliyevaa sare iliyopigwa pasi ikang'aa viwiko, alikuwa akifuta kioo cha gari la binti yangu kwa kitambaa chake mwenyewe. Alisema gari likiachiwa vumbi linakata tamaa. Nilimshika mkono tu.

Siku ya mwisho ya miezi mitatu ikafika bila uamuzi. Mashine ya kuponda ilikuwa imeagizwa saa kumi alasiri. Binti yangu alikuja asubuhi, mikono imechubuka kwa sabuni, akasimama getini hataki kuingia. Nilimwambia asikate tamaa, mama yake ni mjumbe.

"Mama, miezi mitatu unakunywa chai yao," akasema. "Wamekupa nini kingine?"

"Mto wa kukalia."

Akageuka kutazama barabara.

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, niliomba neno. Nikasema gari hili ndilo linalowalisha wajukuu wangu, na jioni litakuwa bapa kama sinia. Wajumbe waliguswa. Mkurugenzi aliguswa kuliko wote, akasema hatakubali ionekane Idara inaponda gari la mnyonge bila utafiti. Ataupima mkanda yeye mwenyewe, apigwe picha akiupima, kisha gari lipondwe kwa moyo mweupe.

Tukashuka yadini wote. Mkurugenzi akaingia kiti cha mbele, mlango ukaachwa wazi kwa ajili ya picha. Katibu akampitishia mapande mabegani, kiunoni na kule kwingine, akaomba radhi, akaweka goti kwenye kiti na kuvuta kwa nguvu zote za utumishi wa umma. Kifungo kikalia.

Katibu akashika kalamu, akamuuliza anajisikiaje.

"Siwezi kugeuka," Mkurugenzi akasema.

"Je, hiyo ni salama, mkuu?"

"Kinachokuja kutoka upande siwezi kukiona. Andika kwamba mkanda unaondoa hofu."

Akafumba macho ili apigwe picha ya kutafakari. Ikawa saa saba. Na saa saba mlinzi wa yadi huzunguka na waya na vipande vya madini ya risasi, kila kilichofungwa anakipiga lakiri isiyofunguka mpaka ikatwe: milango, buti, masanduku. Utaratibu huo aliuweka Mkurugenzi mwenyewe, enzi zile redio za magari zilipokuwa zikihamia majumbani kwa maofisa. Mlinzi akafika kwenye gari la binti yangu. Akakiona kifungo kimefungwa.

"Samahani, baba, napitisha lakiri," akasema.

"Fanya kazi yako," akajibu Mkurugenzi, macho bado yamefumbwa.

Mlinzi akapitisha waya, akabana, akakagua, akapiga saluti. Kazi safi kabisa.

Picha ilipokwisha, Mkurugenzi akataka kutoka. Hapo ndipo Katibu alipokumbuka Waraka wa Lakiri. Lakiri ya yadi haikatwi ila kwa amri iliyosainiwa na Mkurugenzi akiwa ofisini mwake. Maneno hayo ya mwisho aliyaongeza Mkurugenzi mwenyewe, kwa sababu watu walikuwa wakimvizia kwenye korido na kalamu. Mkurugenzi akasema anaufuta waraka huo sasa hivi. Katibu akamkumbusha, kwa huzuni, kwamba waraka unafutwa ofisini.

Mlinzi aliulizwa kama anaweza kukata tu. Akasema anaweza kufa, lakini kukata hawezi. Lakini alileta mwavuli akamkinga Mkurugenzi jua, na hilo hakuagizwa na mtu.

Saa kumi kasoro mashine ya kuponda ikaingia getini, ikinguruma. Dereva wake alikuwa mtu wa adabu. Akalisoma agizo, akalisoma bamba la namba, akamsalimia Mkurugenzi. Akaeleza kwamba yeye huponda gari lililoandikwa, na abiria hayuko kwenye maelezo ya kazi yake, si kwa kupondwa wala kwa kutopondwa. Saini chini ya agizo ilikuwa ya Mkurugenzi. Akamwonyesha. Mkurugenzi hakuweza kuinama kuiona.

Nilimnywesha Mkurugenzi chai, nikimshikia kikombe, maana hakuweza kukiinamia.

Kamati ikakaa pale pale, tumesimama. Katibu, ambaye siku zote nilijua ana akili, akatoa hoja: ikiwa Mkurugenzi hawezi kwenda ofisini, basi gari litangazwe kuwa ofisi. Hoja ikapita. Wakaleta bendera ndogo ya mezani wakaisimamisha kwenye dashibodi, na kibao chenye cheo chake wakakitundika kwenye kioo cha kutazamia nyuma. Tangazo likabandikwa ukumbini kama sheria inavyotaka: Mkurugenzi yupo ofisini.

Benchi lote likashuka.

Walikuja na bahasha zao, mwalimu mstaafu mbele, wakapanga foleni toka mlangoni mwa gari mpaka getini. Wengine walikuwa hawajawahi kumwona. Mjane mmoja aliuliza kama ni yeye kweli au ni picha yake.

Mkurugenzi akamwomba Katibu aanze na ombi lake la kufunguliwa. Katibu akatazama foleni na kusema maombi husikilizwa kwa kufuata tarehe ya kufika.

"Na mimi nimefika lini?" akauliza Mkurugenzi.

"Wewe umefika leo, baba," mwalimu mstaafu akamjibu. "Miaka yote ulikuwa umetoka."

Nafasi ya kwanza ilikuwa ya mwalimu. Leseni yake ilikuwa imemzeesha. Lakini alitazama mashine ikinguruma, akanitazama, akasogea pembeni. "Bibi atangulie. Gari lake linasubiriwa na mashine."

Nikamwita binti yangu pale getini. Alikuja taratibu, kama mtu anayeitwa kutambua maiti. Katibu akainua ubao wa kuandikia mpaka usawa wa mkono wa Mkurugenzi, akauliza kwa sauti ya kikao: mkanda wa mashindano kwenye gari la barabarani, je, ni halali?

"Si halali."

"Je, ni salama?"

"Si salama. Si salama hata kidogo. Andika upesi, mwanangu."

Katibu akaandika kwamba Kamati imefikia uamuzi baada ya chai. Gari linarudishwa kwa mwenyewe, abadilishe mkanda, aendelee na kazi. Mkurugenzi akasaini. Dereva wa mashine akazima injini, akatuaga mmoja mmoja, akaondoka bila kinyongo.

Mlinzi akamkabidhi binti yangu ufunguo kwa mikono miwili. Akamkabidhi na koleo. Gari limetoka yadini kisheria, alieleza, na lakiri iliyo kwenye gari la mtu anaikata mwenye gari, kwa wakati wake.

Binti yangu akaingia upande wa usukani, akaushika kwa mikono yake iliyochubuka, akakaa hivyo kidogo. Mkurugenzi akamtabasamia. Akamwita mwanangu. Akamuuliza watoto hawajambo, na alisubiri jibu. Akamwambia kwamba yeye huwa anawakumbuka sana wananchi, ila kazi.

"Nimekusikia, baba," binti yangu akasema.

Akatazama foleni, bahasha zile zote, mwalimu akiwa amesimama na mkoba kifuani. Akaliweka koleo mapajani kwake, akashusha kioo cha mlango uliofunguliwa ili watu waegemee vizuri wanaposainiwa karatasi zao.

"Anayefuata," akasema.