Nimeenda Usaili na Mjomba

Jamani, leo nimeaibika mpaka nimetamani ardhi ipasuke. Nawaandikia nikiwa chumbani kwetu Mwembesongo, mlango nimeufunga kwa ndani, na sitaki kuitwa kula.

Mnajua nilivyosota tangu nimalize chuo pale Mazimbu. Nimeomba kazi kila mahali. Sasa juzi kampuni moja kubwa ya fedha, ya Dar, inayofungua ofisi hapa Morogoro, ikaniita kwenye usaili. Nafasi: mshauri wa fedha. Mama alilia kwa furaha. Kisha akafanya kosa. Akampigia simu kaka yake aliyeko kijijini Mgeta.

Kwa msiotujua Waluguru: kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye mtoto. Huoi bila mjomba, huzikwi bila mjomba. (Kumbe hata kazi huombi bila mjomba.) Asubuhi naamka, namkuta sebuleni. Kashuka na lori la kabichi, kavaa koti lake la misa, viatu vina matope ya mlimani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Twende."

"Twende wapi?"

"Kwenye hiyo kazi. Jambo kubwa haliendewi na mtoto peke yake. Watasema huna kwenu."

Ungembishia wewe? Nilimwomba tu anisubiri nje, kwenye benchi la mlinzi. Akakubali. Tena alikubali haraka mno, nilipaswa kushtuka.

Ndani walikuwa watatu: meneja, mama mmoja mwenye miwani, na kijana wa rika langu aliyekuwa anaandika kila ninachosema. Nilianza vizuri, nawaapia! Maneno yalikuwa yanatoka yenyewe. Meneja akaniuliza kama nimewahi kumshauri mtu halisi kuhusu fedha zake. Nikasema ndiyo. Yupo mkulima mmoja huko Mgeta, alikuwa anategemea kabichi tu, nikamshauri aongeze karoti ili asiegemee zao moja.

"Na maisha yake yakabadilika," nikamalizia. (Mkulima gani? Mnamjua tayari.)

Yule mama akaitikia kwa kichwa, ameridhika kabisa. Hapo mlango ukagongwa. Dada wa mapokezi akachungulia.

"Samahani. Kuna mzee anasema kikao hakiwezi kuendelea bila yeye."

Mjomba huyo! Wote watatu wakasimama, shikamoo, shikamoo. Ndiyo malezi yetu, mzee hafukuzwi. Wakampa kiti. Wakampa na soda.

Mjomba akakohoa kidogo, vilevile anavyokohoa tukipokea wageni wa posa. "Mimi ndiye mjomba wake. Kijana wetu tumemsomesha, halewi, hana ugomvi na mtu. Sasa na nyie wenzetu, mmejiandaaje?"

Nikajifanya naweka sawa kola ya koti langu la kuazima.

Meneja akajikaza. "Mzee wetu, unatokea wapi?"

"Mgeta. Nalima kabichi. Karoti nililima mara moja, alinishauri huyu."

"Alaa! Zikakubali?"

"Zilikubali sana. Mgeta nzima ililima karoti msimu ule. Tukakosa wa kumuuzia, tukalisha nguruwe." Akanitazama, akaona ameniangusha, akajaribu kuninyanyua: "Walinenepa, lakini."

Kijana akaandika na hilo. Mama wa miwani akainamisha uso, mabega yanatikisika. Na mimi nikacheka, sijui nilikuwa nacheka nini. Meneja hakucheka. Alimgeukia mjomba taratibu.

"Mzee, tuseme mwaka huu umeuza vizuri. Hela zako ungempa huyu akushauri pa kuziweka?"

Mjomba wangu hajui kusema uongo. Aliniangalia mimi. Akaiangalia soda. Nilimwomba kwa macho, jamani, neno moja tu, ndiyo, basi!

"Huyu," akasema mwishowe, "ni mtoto mzuri sana. Anasali."

Ikawa ndiyo mwisho wa usaili. Wakatushukuru, wakasema watapiga simu. Mnazijua simu hizo.

Kazi imeniuma, siwadanganyi. Lakini kile kimya chake kimeniuma zaidi. Angekuwa ananichukia ningejua pa kukasirikia. Ananipenda kweli, na hela yake hawezi kunipa hata kwa mdomo.

Na hajui alichofanya! Sasa hivi namsikia sebuleni anamsimulia mama: "Wametupokea vizuri, hata soda tumekunywa. Watu wastaarabu sana wale." Mama kashapiga vigelegele, majirani wamesikia. Simu yangu ikilia tu, mjomba anaita kutoka huko: "Ndio wao?"

Naombeni msinicheke. Na kama kuna mwenye hela zake anatafuta mshauri, nipo, wala sina bei kubwa. Ila tafadhali, usiende kuniulizia kwa mjomba.