Bango la Shemeji Pilo

Alhamisi, 19 Oktoba
Kampeni zimeanza. Shemeji yangu Pilo anagombea ujumbe wa baraza la mtaa. Nimemuuliza muuza mkate kama anamjua Teofilo Magbanua. Kasema, ndiye nani huyo? Na feni yake kaitengeneza Pilo juzi tu! Hapa wanamjua kama mume wa Luding. Kwenye kura jina huandikwa kwa mkono, na mume wa Luding si jina. Dada yangu Luding kanikabidhi kampeni yote. Kasema, Consing, ukiniaibishia mume, Krismasi usikanyage kwangu. Mama wa Rozari, nishike mkono.

Jumamosi, 21 Oktoba
Bango limetoka! Kubwa kama mlango wa kanisa. Pilo ndani ya barong, shati jeupe la sherehe, nyuma yake mawingu na mwanga kidogo, nilitaka aonekane mnyenyekevu. Jina kwa herufi nene. Chini yake: DAIMA MIOYONI MWETU. Fundi aliyelichapa kanipa pole, machozi yamemlengalenga. Maneno yangu yamemgusa! Nimelitundika kwenye kona ya kwao. Kona safi sana, kila apitaye huinua macho pale kwenye mabango ya misiba ajue nani amefariki.

Jumapili, 22 Oktoba
Pilo kabaki nyumbani na mafua. Kanisani padre kawaombea marehemu, kamtaja Teofilo Magbanua. Nikatabasamu, jina limefika altareni! Kisha nikakumbuka ni orodha ya marehemu.
Mchana watu wamemiminika kwa Luding na biskuti, kahawa na karata za kukeshea matanga. Bibi Sepa kafunguliwa mlango na Pilo mwenyewe. Kampa pole, kamuuliza maiti wameilaza chumba gani. Pilo kajibu kwa adabu kwamba bado hajafa. Bibi kamwambia aache mzaha kwenye nyumba ya watu.
Luding kanifuata hadi barabarani. Kasema nimemvisha ujane na mume yuko mezani anakunywa uji wa kuku!

Jumanne, 24 Oktoba
Usingizi sina. Mpinzani wetu, Mjumbe Nestor Abucay, kaleta shada la maua, limesimama getini kwa Luding. RAMBIRAMBI ZA MJUMBE NESTOR ABUCAY. Jina lake linasomeka toka ng'ambo ya barabara, la Pilo hata halipo! Na anajua fika Pilo yu hai, asubuhi kampungia mkono. Mtaa mzima unasema Abucay ana utu.
Nikakodi baiskeli ya abiria na kipaza sauti. Nimezunguka nikitangaza: Yu hai! Teofilo yu hai! Madirishani wameitikia Amina. Jioni padre kaniita. Kasema wa kutangaziwa hivyo ni mmoja tu, na si fundi feni. Nimeungama.

Jumatatu, 30 Oktoba
Siku ya kura. Kila niliyemuuliza alilijua jina, hadi la ubatizo! Teofilo Magbanua? Mtu mwema sana yule, Mungu amrehemu. Wengi wamesema wangempa kura, bahati mbaya tu amewatangulia.
Abucay wa kwanza. Pilo wa mwisho. Mwenyewe kanifariji, kasema, dada, usiumie, hata mimi nikipita pale kwenye bango najihurumia. Luding kafunga geti. Krismasi nitakula peke yangu.

Jumatano, 1 Novemba
Watakatifu Wote. Mji mzima uko makaburini, na wali, na redio, na watoto. Nimeketi kwenye kaburi la mama, nimesali, nimejichunguza moyo. Kosa langu nimeliona. Tulichelewa kuanza! Jina linataka muda. Na mahali pa kuanzia ni hapa, maana ni familia gani isiyokuja? Mwakani nitachapisha sura ya Pilo kwenye mishumaa, jina lake chini. Kila kaburi mmoja, bure. Fikiria Pilo akiwaka makaburi yote usiku kucha! Nimemnong'oneza Luding, alikuwa kaburi la jirani, la wakwe zake. Kajifunika uso kwa leso, mabega yakimtetema.
Furaha, maskini. Nimeanza kutafuta bei ya nta.