Mwombaji Mmoja Tu wa Maji

Jumatatu, 3 Februari
Kikao. Joto. Shirika letu la kusambaza maji lina malori mawili na maombi yasiyokwisha ya vijiji vya kaunti nzima, kutoka Kulamawe hadi Biliqo. Mkurugenzi, Bi Sadiya, amesema tunahitaji mfumo wa kompyuta wa kupokea maombi hayo. Nani ataupanga? Nimeinua mkono kabla hajamaliza. Atakayefaulu atakuwa Mkuu wa Mifumo, na ofisi ya Mkuu wa Mifumo ina feni. Miaka sita nimekaa kando ya dirisha lisilofunguka. Nimechoka kuloa jasho.

Bi Sadiya ameniagiza nianze kwa Tuye, karani wa simu. Niketi naye wiki nzima, nione kazi inavyokwenda. Nimeitikia kwa heshima. Sitaketi. Tuye ana simu moja, daftari moja na lugha nne. Atanifunza nini kuhusu kompyuta?

Jumatano, 5 Februari
Mpango umekamilika! Kurasa thelathini. Visanduku na mishale. Mshale mmoja hauelekei popote, lakini unajaza ukurasa vizuri. Kulikuwa na sehemu ya maoni ya watumiaji. Nimeijaza mwenyewe: watumiaji wameufurahia sana. Mimi ni mtumiaji. Nimeufurahia sana.

Ijumaa, 7 Februari
Programu yenyewe nimeipata mtandaoni, bure. Ilikuwa ya kusajili wanachama wa klabu ya mpira. Nimebadilisha jina. Bado inauliza mtu anacheza namba gani; swali hilo nimelificha.

Mafunzo ya wafanyakazi yameanza saa tatu kamili. Stima imepotea saa tatu na dakika kumi, kompyuta zikazima. Nimeendelea kwa chaki. Tuye akauliza asiye na barua pepe ataandikwa vipi, maana fomu haiendi mbele bila hiyo. Nikamjibu kwamba mfumo ni wa kisasa. Akasema anauliza tu kwa sababu miaka kumi na moja hajapigiwa simu na mfugaji mwenye barua pepe. Wivu! Nimechukua daftari lake nikalifungia kabatini, asije akarudia mambo ya zamani.

Jumatatu, 10 Februari
Uzinduzi. Simu ya kwanza imetoka kwa mzee Guracha wa Sericho. Salaam aleikum, habari za ngamia, habari za watoto, kisha Tuye akamwomba barua pepe kama nilivyoamuru. Sauti ya mzee niliisikia hadi mezani kwangu.

“Binti yangu, nimeomba maji! Barua nitaipeleka wapi?”

Nimeamuru kila anayepiga aandikwe kwa barua pepe yangu. Tatizo limekwisha. Uongozi ni kuamua.

Jumatano, 12 Februari
Ajabu! Asubuhi hii mfumo unaonyesha ombi moja tu: shule moja ya msingi huko Kulamawe. Jana pia moja, shule ileile. Zamani Tuye alikuwa akiandika ishirini kwa siku. Nimempelekea Bi Sadiya chati. Amekunja uso, akasema hajawahi kuona ukame ukipungua bila mvua. Nimemhakikishia kompyuta haidanganyi. Basi, kwa shingo upande, ameruhusu malori yote mawili yaende Kulamawe.

Nimepitia ofisi mpya kuiangalia feni. Ina spidi tano.

Alhamisi, 13 Februari
Siku mbaya. Dereva wetu, Sora, amepiga kutoka Kulamawe. Matangi ya shule yamejaa tangu jana, kwa lori la kwanza. Mwalimu mkuu anamsihi aondoke, uwanja umekuwa tope.

Simu ikalia tena. Tuye alikuwa ametoka, nikaipokea mimi. Ni Dokata, muuguzi wa zahanati moja huko Sericho. Hakunisalimu.

“Tumepiga tangu Jumatatu. Mtoto amezaliwa leo asubuhi na sina hata kikombe cha maji cha kumsafishia. Kwani nyinyi hamtuoni?”

Nikatazama skrini. Sericho haikuwemo. Nilishika simu kama mtu aliyeshika kaa la moto.

Tuye akaingia, akanitazama mara moja, akaichukua. Nikaanza kupekua mfumo. Ni wa klabu: barua pepe moja, mchezaji mmoja, na ombi jipya hufuta la zamani. Watu wote wa kaunti walikuwa mimi! Mwalimu mkuu hupiga simu jioni, baada ya masomo, kwa hiyo ndiye aliyebaki.

Nimefungua kabati. Tuye hakulihitaji daftari. Ametaja maombi yote kutoka kichwani, jina kwa jina, na kumwambia Sora asirudi mjini. Aendelee na maji yaleyale hadi Sericho.

Ijumaa, 14 Februari
Lori limefika. Mtoto ameoshwa, mama yake ni mzima. Dokata amepiga kumshukuru Tuye, wakacheka kwa Kiborana.

Nimemwomba dada Tuye msamaha. Amesema yameisha, nimpishe, simu inalia.

Bi Sadiya hatanifukuza. Ila Mkuu wa Mifumo ni Tuye. Yeye ndiye atakayepanga upya. Mimi, mwezi mzima, niketi kando yake, nisikilize, nijifunze.

Jumatatu, 17 Februari
Nimesikiliza. Hadi saa nne, wakati wa chai. Shida halisi nimeiona: watu wanasalimiana mno! Mzee mmoja wa Biliqo amemaliza dakika tisa kabla ya kufika kwenye maji. Tuye anasema ndani ya dakika hizo ndimo anamojua kisima kipi kimeharibika na nani amehama. Sioni uhusiano.

Mchana, kwa siri, nimetengeneza mtambo unaopokea simu wenyewe, bila karani. Bonyeza moja kwa maji ya watu, mbili kwa maji ya mifugo. Hakuna salamu. Kesho Tuye akienda kuswali adhuhuri, nitauunganisha.

Maelezo nimeyarekodi kwa sauti yangu mwenyewe, mara tatu, hadi yakanyooka. Kwa Kiingereza.