Mluzi wa Anga Nyuma ya Bwalo

Jumatatu, 18 Agosti
Sista Ursula, mkuu wetu wa shule, ametangaza: Ijumaa kila mwalimu wa sayansi aonyeshe jaribio, atakayefanya vizuri ndiye mkuu wa idara. Fulgence wa kemia ana moshi wa rangi tatu. Mimi wa fizikia nina sumaku iliyovunjika. Na mama mkwe kule Mbesa nimeshampigia simu kumwambia kwamba cheo nimepata. Mdomo wangu huu!

Jumanne, 19 Agosti
Nimepona. Nimesoma kwenye simu: huko ncha za dunia, anga linapowaka rangi, elektroni hushuka kwa kasi zikifuata usumaku wa dunia. Zinaitikisa plazma, ile gesi yenye chaji. Mawimbi yanainuka, yananyonya nguvu za elektroni, yanatoka kama mawimbi ya redio. Redio isiyo na mtangazaji! Ukurasa ukaendelea, "Hata hivyo, mawimbi haya..." Bando likaisha. Haidhuru, nimeelewa. Nimemwahidi Sista kwamba tutalisikia anga. Akauliza kama nina hakika. Nikasema asilimia mia.

Jumatano, 20 Agosti
Nimevuta waya mrefu juu ya bwalo, nikauunga kwenye redio yangu ya betri. Mikwaruzo tu. Fulgence kapita, kauliza nataka kuanika nguo za nani.

Alhamisi, 21 Agosti
Saa nne asubuhi, mluzi! Unapanda, unanguruma, unashuka, unapanda tena. Nikapiga magoti nyuma ya bwalo. Mama Kunegunda, mpishi wetu, akipita na ndoo ya mahindi, akaniuliza kama naumwa.

Ijumaa, 22 Agosti
Bwalo lilijaa. Nikawasha redio yangu ya betri, anga likanguruma. Makofi. Fulgence akanywea. Halafu umeme ukakatika, na anga nalo likanyamaza. Nikaigonga redio. Taa yake inawaka, sauti hakuna. Mama Kunegunda akaingia kusema mashine ya kusaga imezima na unga wa ugali hautoshi. Sista akaniuliza, kwa upole kabisa, kama huko ncha za dunia nako umeme umekatika. Mara umeme ukarudi. Mashine ikawaka nyuma ya ukuta, na anga langu likanguruma upya. Walicheka mpaka wakashika mbavu.

Jumapili, 24 Agosti
Cheo kwa Fulgence. Nimenunua bando, nikamalizia ile sentensi: mawimbi haya hayafiki ardhini, tabaka la juu la anga huyazuia. Naona aibu hadi kwenda misa. Na mama mkwe yuko njiani na jogoo wa pongezi!

Lakini nimepata ukurasa mwingine. Mshtarii, ile sayari kubwa kuliko zote, nayo ina mianga kwenye ncha zake, na mawimbi yake mengine hutufikia mpaka huku chini. Nimeshamwandikia Sista kwamba tutayasikia siku ya mkutano wa wazazi. Mama mkwe nimemwambia cheo kimeongezwa ukubwa. Ukurasa ukaendelea, "Ila ili kuyasikia, ni lazima..." Bando likaisha.

Haidhuru. Nimeelewa.