Mkosi wa Kukodisha

"Kushoto! Kushoto kidogo! Ah, umepita, rudisha!"

Oyugi alikuwa juu ya bati la mgahawa wa Blandine, pale Bugolobi, Kampala, ameukumbatia mlingoti wa antena kama mlevi aliyekutana na nguzo ya umeme. Mvua ilikuwa imeulegeza mlingoti huo. Ojara, fundi wa kuchomea vyuma ambaye karakana yake ilipakana na mgahawa, aliahidi kuutengeneza kesho, na kesho hiyo ilikuwa inaingia wiki ya tatu. Lazima mtu aushike. Kwa kuwa Oyugi ndiye pekee aliyekula bila kulipa, kura haikupigwa.

Chini, kwenye televisheni, Ngege walikuwa wanacheza na Minara mchezo wa pili wa fainali ya mpira wa kikapu, baada ya kupoteza wa kwanza. Bingwa ni yule anayetangulia kushinda michezo minne kati ya saba. Ngege ni vijana wa kiwanda cha samaki, na namba za jezi zao zimebandikwa kwa pasi. Minara ni timu ya mabwana wa Nakasero. Ina kocha, ina msaidizi wa kocha, na ina mtu wa kumshikia msaidizi chupa ya maji.

"Tutashinda," alisema Ojara, ambaye aliwahi kuwa askari na bado alizungumza kama mtu anayekagua gwaride. "Mupira si urefu. Mupira ni roho."

"Roho ina futi ngapi, papa Ojara?" aliuliza Blandine.

Watu walicheka. Blandine mwenyewe hakucheka, alikuwa ameukamata mwiko kwa mikono miwili. Mchezaji mfupi kuliko wote katika Ngege, Emile, alikuwa mdogo wake, aliyemlea tangu walipovuka mpaka kutoka Butembo. Mwenye kiwanda alikwisha kutangaza: bila kombe, hakuna timu. Emile angerudi kubeba makreti ya barafu, na mpira ungebaki hadithi.

Juu ya bati Oyugi naye alitaka kuona. Alilala kifudifudi, mguu mmoja umeushikilia mlingoti, akashusha kichwa dirishani. Minara wakafunga. Akapandisha kichwa, Ngege wakafunga. Akakishusha tena, Minara wakafunga mara mbili. Kusema kweli Minara walikuwa wanafunga hata asipochungulia, lakini shabiki anayeshindwa hatafuti ukweli, anatafuta mtu.

"Wewe!" Ojara alimnyooshea kidole. "Iko na mukosi! Kila ukitokeza hiyo kichwa, sisi tunakufa! Rudi juu!"

Mgahawa mzima uliangua kicheko. Oyugi alirudi juu, lakini yeye alikuwa anafikiri.

Huyu Oyugi alikuja Kampala kutoka upande wa Kisumu, na tangu afike hakuwahi kuitwa mwizi, kwa sababu kila alichochukua alipewa. Aliwahi kuuza nafasi katika foleni ya ubalozi ambao siku hiyo ulikuwa umefungwa. Aliwahi kuuza kasuku aliyezungumza pale tu mwenye nyumba asipokuwepo. Sasa, akiwa amekumbatia chuma chenye kutu, aliliona jambo ambalo mji mzima haukuliona. Wauza bahati walikuwa wengi mno: wa mafuta, wa maji, wa vitambaa vilivyoombewa. Soko hilo lilikuwa limejaa. Mkosi haukuwa na muuzaji hata mmoja.

Ngege walishindwa. Oyugi alishuka, akakaa mbele ya Ojara kwa uso wa mtu anayetoka mazikoni.

"Afande, umenifichua. Mkosi huu ni wa ukoo. Babu yangu alisifu ng'ombe wa jirani, ng'ombe akafa. Akamsifu jirani."

"Jirani akafanya nini?"

"Tulimzika Jumamosi."

Ojara alisogeza kiti nyuma kidogo.

"Ninachofikiri," Oyugi aliendelea kwa upole, "ni kwamba mkosi ni kama moto wako wa kuchomea. Ukiuelekeza vizuri, unajenga. Tuseme mimi nikaenda uwanjani Lugogo, nikavaa jezi ya Minara, nikawashangilia kwa moyo wangu wote..."

"Utafanya hiyo bure?"

"Mimi ningependa bure, afande. Ila moyo haushangilii tumbo likiwa tupu."

Mashabiki walichanga. Alikula muchomo, nyama choma ya mbuzi, mpaka akalegeza mkanda, akanunuliwa tiketi na jezi ya Minara, akaenda kuwapenda maadui kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. Dakika ya mwisho Emile aliupokonya mpira, akakimbia, akafunga. Ngege wakashinda mchezo wa tatu.

Kesho yake Oyugi alivaa shati safi akaenda Nakasero, kwa sababu habari njema haifai kuzuiliwa upande mmoja. Alimwona Namalwa, mwekahazina wa mashabiki wa Minara, katika ofisi yenye baridi ya mashine.

"Bwana Oyugi," alisema Namalwa, "sisi ni wasomi. Halafu ni Wakristo. Mambo ya mkosi hatuyaamini kabisa."

"Vizuri sana, madam."

"Ndiyo maana nakuomba usimwambie mtu kwamba umekuja hapa. Ukiivua hiyo jezi yetu ukavaa yao, utahitaji nini?"

Alihitaji viatu, na suti ya kuendana na viatu. Vyote viliandikwa katika vitabu vya chama kuwa "ushauri wa kiufundi". Jioni ya mchezo wa nne Oyugi alikaa Lugogo, mbali na Ojara na wenzake, amevaa jezi ya Ngege juu ya suti, akipiga kelele bila kupumzika. Ngege walichapwa vibaya. Mashabiki wao walianza kutoka robo ya tatu, Ojara akiwa mbele, ametazama chini. Minara sasa walikuwa wameshinda michezo mitatu. Walibakiza mmoja.

Oyugi hakutoka. Alikuwa amelipwa mpaka filimbi ya mwisho, na katika kazi alikuwa mwaminifu.

Nje ya geti Emile alimkimbilia, jasho likimtiririka.

"Yaya Oyugi!" alimwita, kama kwao wanavyomwita kaka mkubwa. "Nilikuona. Watu wote walienda, wewe peke yako ulibaki unaita jina letu." Alivua utepe wake wa mkononi, umelowa, akamvisha. "Tukipoteza mmoja tu, Jumatatu niko kwenye barafu. Lakini sitasahau."

Oyugi aliukaza utepe mkononi.

Alirudi Bugolobi kwa miguu, ingawa nauli alikuwa nayo. Wahenga hawakulisema hili, labda kwa aibu: sikio lililo karibu zaidi na mdomo wa mwongo ni lake mwenyewe. Alipochungulia dirishani, Ngege walishindwa. Alipowashangilia Minara, Minara walishindwa. Alipowashangilia Ngege, walichapwa. Alitafuta mahali ambapo uongo wake ulikuwa umekosea, hakupaona. Na sasa, balaa kubwa, alianza kutaka Ngege washinde kweli.

"Ma Blandine, nisaidie," alisema asubuhi akiwa mlangoni. "Mkosi ni wa kweli. Na mimi nampenda mdogo wako. Nitammaliza."

Blandine alimtazama, akautazama utepe mkononi mwake, halafu akageuka akatazama rundo la sefuria nyuma ya jiko. Msichana wake wa kuosha vyombo alikuwa ameenda kuolewa Kasese.

"Kwetu," alisema taratibu, "mkosi haufukuzwi. Unachoshwa. Mikono ikae ndani ya maji, mgongo uangalie televisheni, kuanzia mpira unapoanza mpaka unapokwisha. Maji yawe na povu. Sabuni lazima anunue mwenye mkosi."

Mchezo wa tano, Oyugi aliosha, mlingoti akiushika mtu mwingine. Ngege wakashinda.

Habari zilienea. Mchezo wa sita, siku ya Jumamosi, mgahawa ulijaa hadi karakana ya Ojara, na kila aliyeingia alipitia kwanza nyuma kuhakikisha mikono imo majini. Robo ya nne, matokeo yakiwa sawa, mtu alipiga ukelele: "Banange! Sahani zinamwishia!"

"Leteni sombe!" aliamuru Ojara. "Kila mutu ale sahani ya pili! Kula, wewe, Emile atupe mupira ya adhabu na jamaa hana sefuria?"

Walikula majani hayo ya muhogo wakiwa wameshiba. Walikula kwa uzalendo. Emile alitumbukiza mitupo yote miwili ya adhabu, Ngege wakashinda, ikawa tatu kwa tatu. Oyugi alisikia tu kelele na kishindo cha viti, akalia juu ya bakuli.

Watu walipokuwa bado wanaimba nje, Namalwa aliingia kwa mlango wa nyuma, akiruka matope kwa visigino virefu.

"Bwana Oyugi, acha mchezo. Kesho njoo ukae kiti cha mbele, uwashangilie hawa samaki wako. Tukishinda, kuna kazi ofisini kwetu. Ya kudumu. Meza, kiti kinachozunguka, bima ya afya."

Meza! Maisha yake yote Oyugi alikuwa amewaahidi watu kazi kama hiyo.

"Siwezi, madam."

"Unataka nini zaidi?"

"Sitaki kitu. Nina vyombo."

Namalwa aliondoka akitikisa kichwa. Blandine, aliyekuwa amesikia yote nyuma ya pazia, alitoka na kitambaa begani. Ojara, aliyesikia naye, alimsogelea, akanong'ona.

"Ma Blandine, hiyo dawa ya kuchosha mukosi, kweli ni ya kwenu?"

"Papa Ojara, kwetu nani ana vyombo vingi hivi?"

Ojara alimvuta kando. "Basi mwambie! Mutu amekataa kazi ya ofisi!"

"Nitamwambia." Blandine alimtazama Oyugi akisugua, utepe wa Emile umejaa povu. "Kesho. Mpira ukiisha. Wewe ungemwambia leo?"

Ojara alifikiri kuhusu kombe. "Hapana," alisema.

Ilibaki sefuria moja kubwa ya maharage, imeungua chini. Oyugi aliishika kwa mikono iliyokunjamana kama ya mtoto aliyecheza mtoni siku nzima.

"Hiyo iache ilale na maji," Blandine alimwambia. "Utamalizia kesho. Njoo saa mbili asubuhi."

"Mpira si saa kumi jioni?"

"Mkosi wa fainali ni mkubwa, papa Oyugi."

Oyugi aliona ni kweli. Alijaza sefuria maji, akaifunika vizuri.

"Sabuni ya kipande au ya unga?" aliuliza.