Malalamiko Kuhusu Video ya Harusi Kuonekana Vizuri Kupita Kiasi

Kwa Fundi Mkuu,
Studio ya Picha na Video,
Ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vioo.

Ndugu Fundi,

Natumaini mashine zako hazijambo. Mimi ni mama wa yule bibi harusi wa miaka kumi na moja iliyopita. Juzi mkwe wangu alikuletea picha halisi za video ya harusi, kama zilivyotoka kwenye kamera, ambazo televisheni ilikuwa inazikataa, akakuomba uzibadilishe uzitie kwenye flashi. Mlangoni kwako umeandika kwamba unabadilisha video ya aina yoyote bila kupoteza ubora. Nilidhani ni tangazo kama matangazo mengine. Kumbe ulikuwa unasema kweli, na hapo ndipo tatizo langu linapoanzia.

Miaka yote hii tumekuwa tukitazama ile CD ya kwanza tuliyopewa baada ya harusi, yenye ukungu wake wa heshima. Watu walikuwa vivuli vyenye nguo nzuri, na kila mmoja alijieleza mwenyewe alikuwa anafanya nini. Tuliishi kwa amani. Naomba nikuorodheshee hasara.

1. Machozi yangu. Kila mgeni aliyekanyaga sebuleni kwangu ameonyeshwa mahali ninapojifunika leso usoni binti yangu akiondoka, na wengine wamelia pamoja nami. Kwenye flashi yako leso inaonekana hadi nyuzi zake, na nyuma ya leso natafuna. Mkwe wangu alisimamisha picha hapo hapo. Ni keki.

2. Kaka yangu, mjomba wa bibi harusi, anasifika kwa hotuba aliyoitoa moyoni bila kusoma popote. Umetuonyesha karatasi kiganjani mwake. Ungeishia hapo ningenyamaza, lakini karatasi inasomeka, na bibi harusi anayetajwa humo si wetu.

3. Nywele za mume wangu. Sina la kuongeza.

4. Hili ndilo linaloninyima raha. Fundi cherehani aliyeshona gauni alikuwa jirani yangu, na tulikuwa chanda na pete. Asubuhi ya harusi alikuja chumbani kwangu kumvisha binti. Baada ya sherehe, hereni zangu za dhahabu hazikuonekana. Nilisema zilipotea asubuhi ile, mezani, na chumbani tulikuwa watatu tu. Sikumtaja mtu. Mtaa ulimtaja wenyewe, nami sikuuzuia. Tangu hapo akiniona huinamia cherehani yake. Sasa, kwenye CD, masikioni pangu jioni ile palikuwa na madoa mawili yasiyo na maana. Kwenye flashi yako ni hereni. Saa ya pili, dakika ya tisa, nazivua kwa sababu zinabana, nazitia kwenye glasi tupu, nageuka kucheka na mtu, na mhudumu anaondoa glasi. Dhahabu inametameta mpaka mlango wa jikoni. Mume wangu aliirudisha nyuma mara tatu, kisha akaenda nje kukagua bomba ambalo halina kasoro.

Jumamosi binti yangu anawaalika wote walioishughulikia harusi ile waje waitazame kwenye televisheni iliyojaa ukuta mzima. Fundi cherehani yumo, maana binti hakuacha kumsalimia hata siku moja.

Kwa hiyo naomba uirudishe video kwenye ukungu kabla ya Ijumaa. Ibane iwe ndogo, kisha uibane tena. Icheze kwenye televisheni mbovu, uirekodi kwa simu, uitume kwa watu kumi, na wa kumi akurudishie. Ikibaki na sura yoyote inayotambulika, rudia. Usiniambie haiwezekani, harusi za wenzangu umeziharibu bila hata kuombwa. Na lile tangazo la mlangoni liongezee onyo, watu wajue wanachokiomba.

Nisalimie mkeo, watoto, na yule dada wa mapokezi anayeandika risiti kwa mwandiko ambao, kwa bahati nzuri, hausomeki.

Wako anayeonekana mno,
Mama wa Bibi Harusi

Nyongeza: Usiguse chochote. Nilitoka kununua bahasha nikapita mbele ya kibaraza cha fundi cherehani. Alikuwa anakunja pindo la pazia. Nilimsalimia, akaitikia bila kuinua kichwa, kisha akakiinua. Amezeeka, Fundi, na mimi sikuwepo. Toa kopi nyingine iliyo safi vile vile, iwe ya kwake, na ile glasi ikuze kadiri mashine yako inavyoweza. Nimemwomba Jumamosi akae karibu nami. Amekubali, na hajui atakachokiona.